Vijitu vya Chaki

Mtu aliyepita stesheni ya London mwezi Desemba 1903, akatoa peni sita kwenye kibanda cha magazeti, alipanda treni akiwa na Sherlock Holmes na vifaru vya vita kwapani, na wakati huo vifaru vyenyewe vilikuwa bado havijaundwa na mtu yeyote. Toleo la mwezi ule la jarida la The Strand lilikuwa na hadithi ya Arthur Conan Doyle ya vijitu vinavyocheza, pamoja na ya H. G. Wells kuhusu mashine za chuma zinazotambaa juu ya mahandaki. Nimezisoma zote mbili mara nyingi. Kila nikizirudia nastaajabia kwamba kitu kilichotengenezwa ili kumpumzisha karani anayerudi nyumbani kilifanywa kwa uangalifu wa sonara.

Jarida hilo lilianzishwa na George Newnes, na toleo la kwanza lilitoka Januari 1891. Majarida ya kila mwezi yenye hadhi yalizoeleka kuuzwa shilingi nzima. Yeye akauza lake nusu ya bei, akataka kila ufunguapo ukutane na picha. Alijua anamwuzia nani. Sheria ya elimu ya 1870 ilikuwa imeshatoa kizazi kizima cha Waingereza wanaojua kusoma, na reli zilikuwa zimewapa saa moja ya kukaa bila kazi asubuhi na jioni. Jalada lilichorwa barabara ya Strand yenyewe, na jina la jarida likaning'inizwa kwenye nyaya juu ya vichwa vya wapita njia. Mhariri, Herbert Greenhough Smith, alikalia kiti kile tangu mwanzo hadi 1930. Miaka karibu arobaini ya kusoma miswada ya watu! Wahariri hatuwasifu vya kutosha.

Saa ile moja ya treni ndiyo iliyofinyanga hadithi. Conan Doyle mwenyewe alieleza katika kumbukumbu zake kwamba riwaya ya mfululizo ilikuwa na kasoro jaridani: msomaji akikosa toleo moja, uzi umekatika. Akaona afadhali mhusika awe yuleyule kila mwezi, lakini kila mwezi kisa kiishe. Leo jambo hilo tunaliona la kawaida kama chumvi mezani, ila kuna aliyelifikiria. Na mtu akishakubali kwamba kisa kitaisha kabla abiria hajashuka, hana tena ruhusa ya kuzurura. Msimulizi wetu wa usiku akisema "Paukwa!" husikia "Pakawa!" na kujua nani ameshasinzia. Mwandishi wa jarida hakusikia kitu. Ilimbidi amwone msomaji wake kwa macho ya moyo, ajue ni wapi atapiga miayo, na mahali hapohapo atie kitu.

Hebu tuitazame hiyo hadithi ya vijitu kwa karibu. Inaanza Holmes akimshtua Watson kwa kumwambia kwamba hakusudii kuweka fedha zake kwenye hisa za Afrika Kusini. Watson anaduwaa. Holmes anamfungulia mnyororo wa mawazo yake, na pete ya kwanza ya mnyororo ule ni chaki: jana usiku Watson alirudi kutoka klabuni akiwa na chaki kati ya kidole na gumba, kwa hiyo alicheza biliadi, na mambo mengine yakafuata. Msomaji anacheka, anadhani ni mzaha wa kufungulia mlango. Kisha anaingia bwana mmoja wa Norfolk, Hilton Cubitt, mwenye hofu juu ya mkewe. Kuna mtu anachora vijitu nyumbani kwake, kimoja kimenyoosha mikono, kingine kimesimama kwa kichwa, kama mchezo wa watoto. Vimechorwa kwa nini? Kwa chaki, kwenye dirisha, halafu kwenye mlango wa banda la zana. Conan Doyle alikuwa ameshatupaka chaki vidoleni kabla hatujajua kwamba kuna msiba. Nilisoma hadithi hiyo labda mara nne kabla ya kuliona hilo, na siku nilipoliona nilifunga kitabu nikatembea kidogo.

Vijitu vile vilichapwa ndani ya maandishi, katikati ya sentensi, kila kimoja kikisimama badala ya herufi. Msomaji aliwekewa mbele ushahidi uleule aliowekewa Holmes. Kijitu chenye kibendera mkononi kinaonyesha mwisho wa neno. Kijitu kinachojirudia mara nyingi kuliko vingine, mara nne kati ya kumi na tano katika ujumbe wa kwanza, ni herufi E, kwa kuwa ndiyo itumikayo zaidi katika Kiingereza. Fumbo linafumbuliwa kwa haki, mezani, taa ikiwaka. Hata hivyo Holmes anafika Norfolk akiwa amechelewa, na mteja wake ameshauawa. Hapo ndipo namvulia mwandishi kofia. Angeweza kutupa ushindi mtupu, maana sisi wasomaji tulikuwa tumeulipia. Akatuonyesha kwamba kujua kusoma alama si sawa na kuwahi.

Michoro mingine ilikuwa ya Sidney Paget, aliyepaka kwa brashi na rangi ya maji, nyeusi, nyeupe na vivuli vya kijivu katikati. Husemwa kwamba kazi hiyo ilikusudiwa ndugu yake Walter, na kwamba Walter huyohuyo ndiye aliyekuwa kielelezo cha sura ya Holmes. Conan Doyle alikiri kwamba Holmes wa kichwani mwake hakuwa mzuri wa sura kama yule wa Paget. Mchoraji alimsahihisha mwandishi, na wasomaji wakamwamini mchoraji. Ufundi wake ulikuwa pia katika kuchagua nukta ya kuchora: picha huonekana kabla msomaji hajafika kwenye maneno yake, hivyo mchoraji asiyejizuia huiua hadithi. Paget alipenda watu wawili chumbani, mmoja akiinamia mbele, kuna jambo linataka kusemwa.

Wells, katika toleo lilelile, alifanya ujanja mwingine. Alimlaza mwandishi wa habari za vita kando ya luteni kijana, wakitazama kwa darubini mstari wa adui uliotulia, na kuiacha ile mashine ije gizagiza, kwanza kama umbo tu. Mwezi Septemba 1916 vifaru vya kweli viliingia vitani kwa mara ya kwanza huko Somme, Ufaransa. Katika kurasa za jarida hilohilo W. W. Jacobs, mtoto wa Wapping aliyekua akiona meli gatini na baadaye akawa karani wa benki ya akiba ya posta, alimleta mlinzi wake wa usiku mwenye porojo, na E. Nesbit akawaletea watoto kiumbe wa mchangani anayetimiza matakwa na kuwaponza. Sitawamaliza hawa, kila mmoja anadai insha yake.

Mimi nilimjua mpelelezi Bwana Msa kabla ya kumjua Holmes. Kiko chake, utulivu wake na rafiki yake Najum nilivipata katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka 1960, na nilidhani vitu hivyo vimezaliwa Unguja. Baadaye nilipofika Baker Street, nyumbani kwa Holmes, nilijisikia kama mtu anayekutana na babu wa jirani yake: pua ni ileile. Furaha yangu haikupungua hata kidogo. Abdulla alikuwa mtu wa magazeti, na ukimsoma unaona kwamba naye alijua msomaji atapiga miayo wapi.

Likizo iliyopita nilimwandikia mpwa wangu ujumbe wa vijitu, maneno manne ya Kiswahili, nikamwambia tu habari ya vibendera. Ana miaka kumi na mmoja. Nilimwonya kwamba E haitamsaidia hapa. Akanyamaza, penseli mdomoni. Kisha akasema vibendera vyote lazima viwe vokali, kwa sababu maneno yetu huishia hivyo. Neno la tatu lilikuwa na vijitu viwili tu, akanong'ona "na, ya, wa, la", akaandika A chini ya kibendera, na A hiyo ikamfungulia mwanzo na mwisho wa neno la pili. Akarudi kwenye neno la kwanza: vijitu viwili vinavyopokezana, mara mbili, na wala si A. Si baba, si mama, si dada, si kaka.

"Bibi!" akapiga kelele.

Hakungoja kusoma habari ya maembe. Alikuwa ameshafika mlangoni.