Nyayo za Chuma

Wahenga wa Pwani walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona, bali neno likishatoka halirudi. Lakini methali hiyo inaacha swali moja: aliyejikwaa kidole, akapona, akaendelea na safari, ulimi wake ulisema nini? Swali hilo linafaa kuwa kipimo cha maandishi yote yaliyohusu safari za bara.

Ushairi wa Kiswahili umeijua bahari kwa undani. Jahazi na tanga, tezi na omo, kusi na kaskazi, vyote vimekuwa mafumbo ya mapenzi, ya siasa na ya umauti. Mguu haukupewa heshima hiyo. Ilhali kwa watu wa misafara walioondoka Unguja na Mrima kuelekea Uhehe, Usangu na Unyiha, yaani nyanda za juu za Iringa na Mbeya, safari ilikuwa ni kutembea. Leo basi hupanda Mlima Kitonga na kufika Mbeya siku ileile lilipoondoka Dar es Salaam. Katika karne ya 19 mwendo huo ulichukua majuma mengi, na mzigo uko begani. Mguu ukiharibika, safari imeharibika. Hata hivyo, msomaji wa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye katika ujana wake alifanya biashara pande hizo, atakutana na pembe, frasila, machifu na vita tele, na habari za nyayo za wapagazi atazipata kidogo mno.

Ukurasa ulio bora kabisa juu ya mguu uliojeruhiwa umo katika shajara za mwisho za David Livingstone. Mwaka 1870, katika nchi ya Manyema, wafuasi wake wengi walimwacha, akabaki na watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Miguu yake ikashikwa na vidonda ndugu, vikamfungia kibandani huko Bambarre kwa siku 80, tangu Julai 22 hadi Oktoba 10. Dawa iliyomfaa ilikuwa jiwe la kijani la malakaiti, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Alipopona alitembea tena, na mwaka 1871 akafika Nyangwe.

Thamani ya kurasa hizo inapita ustahimilivu wa mgonjwa mmoja. Akiwa amelala na vidonda vyake, Livingstone alieleza kwamba maradhi hayohayo yaliwala watumwa hadi mfupani, na kwamba vilio vyao vilikuwa miongoni mwa sauti za usiku katika kambi za watumwa. Maumivu ya mguu wake yalimfunulia maumivu ya wasio na kalamu. Hapo ndipo shajara inapokuwa fasihi.

Lakini Chuma alikuwapo papo hapo. Naye alikuwa mtoto aliyefungwa katika msafara wa watumwa hadi alipokombolewa mwaka 1861. Vilio vile alivijua kabla ya bwana wake. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Njiani maradhi yaliwasimamisha karibu mwezi mzima, wakainuka, wakaendelea. Habari hizo Chuma na Susi walizisimulia Uingereza, na Horace Waller akazitia katika kitabu kwa Kiingereza chake. Miguu ni ya wenyewe, ulimi ni wa mwingine.

Mwaka 1879 Chuma aliingia tena njiani, mara hii akiwa kiongozi wa msafara wa Keith Johnston. Johnston akafa Behobeho mwezi Juni, na uongozi wa kizungu ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Ni dhahiri aliyeijua kazi ni nani. Msafara ulipanda nyanda za Uhehe na Ubena, ukashukia Nyasa, ukavuka tena nchi ya juu hadi Tanganyika. Kitabu cha juzuu mbili kilitoka London mwaka 1881 kwa jina la Thomson. Hakuwa mchoyo; alimtaja Chuma kwa heshima. Lakini sifa ni maneno ya msifu. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, bila ya kuacha simulizi iliyoandikwa kwa lugha aliyowaongozea wapagazi wake.

Hasara hiyo ni ya Kiswahili kwanza. Utenzi una pumzi ndefu, una nafasi ya kituo na kambi, na mwendo wake ni wa hatua kwa hatua. Hakuna bahari inayomzuia mtunzi kuupeleka bara. Malenga atakayeifuata njia ya Iringa na Mbeya asianze na milima wala ukungu wake. Aanze na unyayo wa mpagazi aliyelala kambini na kidonda, asiyejua kama alfajiri ataweza kuusimamia mguu wake au ataachwa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na kovu hilo bado halijaimbwa.