Namba za Gari Zima

Mwalimu alikuja gerejini, hapa Chake Chake, na maneno mawili: taa ya injini imewaka, na ameshaambiwa anunue sensa ya oksijeni. Gari lake ni Toyota IST, injini ya 1300. Sensa hiyo Pemba huipati kirahisi. Utapiga simu Unguja au Dar es Salaam, utatuma pesa, utasubiri boti ishushe mzigo Mkoani, na ikiwa ugonjwa haukuwa huo, pesa hairudi.

Fundi alimsikiliza mpaka akamaliza. "Kwanza usinunue kitu, mwalimu," akamwambia. "Niachie ufunguo nusu saa." Kisha akafanya jambo ninalolipenda kuliko yote aliyoyafanya baadaye: hakufungua boneti. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akawasha gari, akanyamaza.

Nimekaa gerejini kwake asubuhi nyingi, kwa sababu napenda kumtazama mtu anayeijua kazi yake akiwa hana haraka nayo. Ana vyombo viwili vya kupimia magari. Kimoja ni skana ya mkononi, kioo chake kina ukubwa wa kitabu cha skuli, kingo zake zimezungushiwa mpira na mpira wenyewe umeshakuwa mweusi kwa oili. Cha pili ni laptopu kuukuu yenye programu ya Toyota, Techstream, pamoja na kebo yake, na hukaa kabatini imefungwa ndani ya kikoi. Vijana wanaoanza kazi humwuliza wanunue kipi. Huwauliza na yeye: gari gani, na unataka kuliuliza nini?

Swali la kwanza lina uzito wake hapa. Marekani ililazimisha magari yote mapya ya abiria yawe na soketi moja na utaratibu mmoja wa kupimia kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ndiyo maana huko kile kidude cha bei ndogo, kisichozidi kiberiti, kinachosomwa kwa simu, kinawatosha watu kwa mambo mengi. Magari yetu mengi yametoka Japani, na yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe. Ya miaka ya mwanzo ya 2000 unaweza kuyakuta na soketi ileile ya matundu 16 chini ya usukani, lakini kontroli boksi, ule ubongo wa injini, inasema lugha ya kiwandani kwake. Unachomeka kile kidude, kinatafuta weee, mwisho kinakuambia hakuna gari. Na gari lipo, linanguruma mbele yako. Kwa hiyo jambo la kwanza analoliangalia fundi kwenye skana ni kama ndani ya orodha yake mna soko la Japani. Kama halimo, kwa Pemba hiyo si skana ya kununua, hata iwe rahisi vipi.

Ya kwake ikatoa P0171. Mchanganyiko ni mwepesi: hewa imezidi mafuta. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia sensa ya oksijeni, kwa kuwa ndiyo iliyopeleka habari. Lakini aliyeona wizi si lazima awe mwizi. Fundi akaufunga ukurasa wa makosa, akafungua ule wa namba zinazotembea, na kuanzia hapo nikasogeza kiti.

Kontroli boksi haiachi kuongeza na kupunguza mafuta ili mchanganyiko ukae sawa, na hesabu zake huziweka kwa asilimia. Kuna hesabu ya papo hapo, na kuna ya muda mrefu, ambayo ni kama mazoea ya gari. Gari zima hucheza karibu na sifuri. Hili, likiwa linanguruma bila kukanyagwa mafuta, lilishazoea kuongeza 21. Fundi akakanyaga taratibu mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, akaushika mguu wake hapohapo. Jumla ikateremka mpaka 5. Akaachia, ikarudi juu. Akakanyaga tena, ikashuka tena. Mara tatu, kama mtu anayerudia kusoma aya moja asije akaruka herufi.

Maana yake ni hii. Injini ikiwa imetulia huvuta hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo linaloingiza hewa isiyopita kwenye sensa ya hewa linaharibu hesabu yote. Ukikanyaga, injini inavuta hewa nyingi kwa njia ya halali, na ile ya tundu haina nguvu tena. Lau sensa ya hewa ingekuwa chafu, au pampu ya mafuta imechoka, kawaida mambo hugeuka: namba huzidi kupanda kadiri injini inavyodai zaidi. Dakika nne hazijatimia, bado hajashika spana, na tayari ameshajua upande wa kwenda.

Sasa akafungua boneti, na hapa ndipo utaona kwa nini skana ilitoka na laptopu ikabaki kabatini. Plagi yake inabaki kwenye soketi, kioo kinatembea na mtu. Alimpa skana kijana anayejifunza kazi, asimame ubavuni, asome namba ya papo hapo kwa sauti. Yeye akachukua koleo, midomo yake ameiviringishia kitambaa, akawa anaibana mipira ya hewa, mmoja baada ya mmoja.

"Tatu, Fundi. Tatu. Nne. Tatu."

Akahamia mpira mwingine.

"Tatu. Mbili."

Akainama nyuma ya injini, mkono mpaka kwenye kiwiko, akabana mpira ambao mimi sikuuona kabisa.

"Sifuri. Toa nane. Toa kumi na tano! Toa kumi na nane!"

Injini nayo ikabadilisha sauti. Kontroli boksi ilikuwa bado inamwaga mafuta kwa mazoea yake ya zamani, na kwa vile tundu limezibwa, ikalazimika kupunguza harakaharaka. Ulikuwa mpira wa kupumulia injini, umepasuka kwa chini, pale ambapo jicho halifiki. Jeraha la urefu wa ukucha.

Mkono huo ulijifunza kusubiri zamani, kabla ya kioo chochote. Fundi alianza na Toyota za kale, zenye kijisanduku cha plastiki ndani ya boneti. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha ufunguo bila kupiga stata, kisha unahesabu taa inavyopepesa. Mbili, inatulia, mbili tena: 22, sensa ya joto la maji. Ukipepesa wewe, unaanza upya.

Laptopu huiheshimu kwa namna nyingine. Huitoa yanapokuja magari ya dizeli, kama Hiace na Prado za injini ya 1KD. Kila nozeli mpya ya injini ile imeandikwa herufi na namba 30, zinazoeleza tofauti ndogo ya unyunyizaji wake, na zote lazima ziingizwe kwenye kontroli boksi, silinda kwa silinda. Huwezi kuziandika kwa kubahatisha. Ziko skana kubwa zinazoiweza kazi hiyo, lakini bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Laptopu pia hurekodi safari nzima na kuilaza mistari mitano pamoja, ukaona ni nani aliyeanza kuanguka kabla ya gari kuzima. Kabla ya kuandika chochote ndani ya gari hufunga betri ya pili. Umeme wa gridi tunao tangu 2010, ulipokuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, lakini haachi kontroli boksi ya mtu mikononi mwa chaja peke yake.

Kijana akiwa na pesa ya kimoja tu, mimi ningemwambia anunue skana nzuri ya mkononi. Magari mengi yanayoingia hapa yanataka kuulizwa na mtu aliyesimama, mwenye mkono mmoja ndani ya injini.

Mpira ulipatikana palepale mjini. Fundi akaufunga, akalipeleka gari mwenyewe barabara ya Wete, kwenye vilima, maana vilima vya Pemba hulibana gari kuliko mguu wowote gerejini. Aliporudi alifungua daftari la skuli, akaandika: IST, tarehe, namba kabla, namba baada.

Nusu ya daftari hilo si ya magari mabovu. Ni ya mazima. Jioni ileile ilipita Probox iliyopakia magunia ya karafuu, dereva akitaka upepo wa tairi tu. Fundi akamjazia, asimtoze. "Ami," akamwambia, "niazime dakika tano. Gari lako linanguruma vizuri, nataka kuziandika namba zake."

Dereva akazima redio ili fundi asikie.