Mkwawa Baada ya Kinjeketile

Anayetunga tamthilia kuhusu Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe, ana kibarua kigumu, maana mtazamaji wa Iringa anaujua mwisho kabla hajakaa kitini. Zelewski, kamanda wa Kijerumani, atauawa Lugalo, Agosti 1891. Kalenga, ngome ya Mkwawa, itaanguka Oktoba 1894. Tarehe 19 Julai 1898 Mtwa atajiua kwa risasi badala ya kukamatwa, na fuvu lake halitarudi kutoka Ujerumani hadi 1954. Sasa shujaa kama huyo utamshikia pumzi kwa lipi?

Kuna aliyewahi kulifungua fundo la namna hiyo. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969, vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilikuwa tayari vina utenzi wake, wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Angeweza kuvisimulia upya kwa mazungumzo, basi. Yeye akaliacha swali la nani alishinda, akashika jingine: neno likishamtoka mtu na watu wakalifia, bado ni lake? Tazama alivyomaliza. Kinjeketile yumo gerezani, na anatakiwa kukiri kwamba maji, dawa aliyowapa watu dhidi ya risasi, yalikuwa uongo. Hakubali. Akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba waliopigana walipigania upuuzi. Mvutano wote uko kwenye sentensi moja ambayo mtu anakataa kuitamka. Tunajua atanyongwa, lakini kitanzi hakituhusu tena.

Miaka kumi baadaye M. M. Mulokozi, Mhaya, akachapisha tamthilia ya Mukwava wa Uhehe. Sidai kwamba aliandika huku Kinjeketile kikiwa wazi mezani. Ninachosema ni kwamba baada ya Hussein, shujaa aliyeshindwa hakuhitaji tena kuombewa radhi jukwaani, na Mulokozi alikuta njia imeshafyekwa. Mzigo wake ulikuwa mwingine. Waliomtangulia kumwandika Mkwawa ni pamoja na waliomwinda: Magdalene von Prince, aliyeishi Iringa na mumewe ofisa wa Kijerumani, alitoa kitabu mwaka 1903, na mumewe, Tom, akatoa chake mwaka 1914. Matukio ni yaleyale, huwezi kuyabadili. Unachoweza kubadili ni nani anasema na nani anasemwa. Wajerumani wanaingia kwenye tamthilia kama wageni katika nyumba ya mtu, na hapo ndipo ninapomvulia Mulokozi kofia.

Ukizisoma tamthilia hizi mbili kwa kufuatana, ya kwanza inaanza kuihoji ya pili. Kinjeketile anahangaikia umoja, na maji yake ndiyo yanayokusanya makabila. Huku Nyanda za Juu hapakuwa na maji ya aina hiyo. Wasangu wa mtawala Merere, waliokwisha kufukuzwa kwao na Wahehe wakahamia upande wa Mbeya ya leo, waliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Na Maji Maji yalipowaka mwaka 1905, Wahehe hawakujiunga. Wengine walipigana upande wa serikali iliyokuwa imekichukua kichwa cha Mtwa wao.

Hiyo ndiyo tamthilia ya tatu ninayoitamani, na ningependa aiandike mtu wa Mbeya. Aanze na Merere uhamishoni, Usafwa, siku anayopata habari kwamba Kalenga imeanguka. Asimtetee wala asimhukumu. Ampe mshauri mmoja mzee, mwenye kumbukumbu ndefu, wa kumuuliza: Mzungu akishamaliza kwa Mkwawa, atarudi kwao?