Kinyago na Lugha: Suala la Uasili katika Muziki wa Dimmu Borgir

Katika uhakiki wa muziki wa metali kali, hasa utanzu wake uitwao metali nyeusi, pana dai moja ambalo limerudiwa hata likageuka kuwa kanuni: kwamba msanii akishapendwa na umma basi ameusaliti uasili wake, na kwamba maleba na mbwembwe za jukwaani ndizo dalili ya kwanza ya usaliti huo. Bendi ya Dimmu Borgir ya Norwe imeshtakiwa kwa kanuni hii kuliko nyingi nyinginezo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mashtaka hayo yana ukweli ndani yake, ila yameelekezwa pasipostahili. Kama kuna kitu kilichopotea katika safari ya bendi hii kuelekea umaarufu, hakikuchukuliwa na okestra wala na rangi za usoni. Kilichukuliwa na Kiingereza.

Kwa msomaji asiyeujua utanzu huu, yatosha kusema kwamba ulipata jina kutokana na santuri ya Venom, bendi ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 1982, kisha ukapata sura yake ya pili huko Norwe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magitaa huvuma bila kukatika, ngoma hupigwa mfululizo kama mvua juu ya mabati, naye mwimbaji hukwaruza koo hata maneno yasikike kwa shida. Nyuso hupakwa nyeupe na nyeusi mithili ya maiti. Wako vijana wa Norwe waliochoma makanisa katika miaka ile, likiwamo kanisa la mbao la Fantoft mjini Bergen mnamo Juni 1992, wakaupa utanzu huu sifa mbaya ambayo haijautoka. Lakini hayo ni ya mahakama, si ya mhakiki.

Dimmu Borgir iliundwa mwaka 1993 na Shagrath, Silenoz na Tjodalv. Majina yenyewe ni vinyago. Shagrath ni jina la zimwi mmoja katika riwaya ya Tolkien, na jina la bendi limetoka kwenye miamba ya volkano iliyoko kaskazini mwa Aislandi, maana yake ikiwa 'ngome za giza'. Anayedai kwamba bendi hii ilianza kwa unyofu ikaishia kwenye tamthilia hajalitazama hata jina lake.

Wapenzi wa zamani huitaja Stormblåst, santuri ya pili, ya mwaka 1996, kuwa ndiyo kilele cha usafi wa bendi. Hapa yafaa tutue kidogo. Katika santuri hiyo hiyo mna kipande cha kinanda kiitwacho 'Sorgens kammer', nacho kwa sehemu kubwa ni muziki ambao Tim Wright, mtunzi Mwingereza, aliutungia mchezo wa kompyuta wa Agony wa mwaka 1992. Mwanzo wa wimbo mwingine ulichotwa kwa Magnum, bendi ya roki ya Uingereza. Bendi iliporekodi upya santuri nzima mwaka 2005, machoto hayo mawili yaliachwa. Kwa hiyo santuri inayosifiwa kwa kutochanganyika na chochote ndiyo iliyokuwa na mali ya watu ndani yake. Kuazima si kosa katika sanaa, ingawa hapa wenyewe hawakutajwa. Ninachosisitiza ni kwamba huo unaoitwa uasili haukupimwa kwa sikio. Ulipimwa kwa ukwaruzo wa rekodi na uchache wa wasikilizaji.

Hata hivyo Stormblåst ilikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna awezaye kukikana, nacho ni maneno yake. Iliimbwa kwa Kinorwe, ingawa mchapishaji wake, Cacophonous, alikuwa kampuni ya Kiingereza. Jina lenyewe ni neno moja la kuunganishwa, kwa desturi ya lugha za Kijerumaniki: kilichopigwa na dhoruba. Msikilizaji anaona mahali. Mwaka uliofuata, chini ya kampuni ya Nuclear Blast ya Ujerumani, ikatoka Enthrone Darkness Triumphant, na nyimbo zake mpya zilitungwa kwa Kiingereza. Yaliyofuata kwa miaka kumi yanaonekana katika majina ya santuri: Spiritual Black Dimensions mwaka 1999, Puritanical Euphoric Misanthropia mwaka 2001, Death Cult Armageddon mwaka 2003, na In Sorte Diaboli, sasa kwa Kilatini, mwaka 2007. Kila jina lina maneno matatu. Katika yale ya Kiingereza maneno yamewekwa ubavu kwa ubavu, vivumishi juu ya vivumishi au nomino juu ya nomino, mengi yakiwa ya asili ya Kigiriki na Kilatini. Huenda mtu akayatetea kwamba ni maneno ya uganga, na maneno ya uganga hayahitaji kueleweka. Nakubali, kwa kiasi. Lakini uganga nao una kwao, ilhali msamiati huu hauna kwao popote. Mtu wa Oslo na mtu wa Tokyo wanauelewa sawasawa, yaani kidogo.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliacha kutunga hadithi kwa Kiingereza akaigeukia lugha ya Kigikuyu. Hawa walipita njia ile ile kinyumenyume, wala hapakuwa na mkoloni wa kuwashurutisha. Soko lilitosha.

Ama tamthilia, hiyo ndiyo iliyowapa ubunifu wao wa kweli. Kwa msaada wa mpangaji muziki Gaute Storaas waliingiza okestra kamili, na katika Death Cult Armageddon, iliyotumia wanamuziki wa Prague, vinanda vya nyuzi havipambi gitaa bali hubishana nalo. Mahali pengine, hasa katika Abrahadabra ya mwaka 2010, kwaya na ala hujazana hata sikio likakosa pa kushika. Lakini umma haukukosea kupenda. In Sorte Diaboli ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Norwe, na tarehe 28 Mei 2011, katika ukumbi wa Oslo Spektrum, bendi ilipiga pamoja na okestra ya redio ya taifa na kwaya ya Schola Cantorum. Utanzu ulioogopwa na taifa zima mwaka 1992 sasa uliketi na wapiga fidla wa serikali.

Katikati ya onyesho hilo okestra inacheza peke yake, bila bendi, na utunzi unasimama. Kisha Shagrath anarudi na manyoya na ngozi zake, uso umepakwa, na bendi inaingia 'Vredesbyrd', mmoja wa nyimbo mbili za Kinorwe zilizomo katika santuri ya mwaka 2003. Jina lake ni neno la kuunganishwa, lenye 'ghadhabu' mwanzoni. Maleba ni yale yale, kwaya iko pale pale, na maneno yanakwaruzwa vile vile kwa watu ambao lugha hiyo ni yao.