Kitabu Kisicho na Hadithi

Kurasa hizi zimezoea kuhakiki riwaya na diwani. Leo nawaletea kitabu kisicho na hadithi hata moja: orodha ya namba za injini za treni. Msicheke kwanza.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, kijana wa miaka 20 aitwaye Ian Allan alikuwa mfanyakazi wa ofisini katika kampuni ya reli ya Southern, London. Wapenda treni walikuwa wakiandika barua kuulizia injini. Yeye akapendekeza kitolewe kijitabu chenye injini zote za kampuni. Wakubwa wakakataa. Akakichapisha mwenyewe! Sikieni hapo, ninyi mnaolalamika kila siku kwamba wachapishaji hawatutaki.

Matumizi yake ni mepesi. Unasimama stesheni, treni inapita, unaiwahi namba, halafu unapiga mstari chini yake kitabuni. Basi, mchezo ndio huo. Maelfu ya watoto wa Uingereza waliucheza, na wapo walioendelea nao hadi mvi.

Uzuri wake naukubali bila ubishi. Mtazamaji wa treni anasubiri kwenye baridi saa nzima kwa ajili ya kitu cha sekunde tano, na hathubutu kuandika asichokiona. Jamani, ni wangapi kati yetu washairi wenye adabu hiyo? Sisi tunaandika bahari bila kulowa hata kidole.

Lakini mhakiki hapaswi kusifu tu. Chukua namba 92220, Evening Star, injini ya mvuke ya mwisho kujengwa kwa ajili ya reli za taifa za Uingereza, mwaka 1960 pale Swindon. Mwaka 1965 ikaondolewa kazini. Miaka mitano tu! Orodhani ni mstari mmoja kama mingine. Nani aliisukumia makaa? Kimya. Kisha Agosti 1968 mvuke ukazimwa katika njia kuu za nchi ile, na injini nyingi zikaishia chuma chakavu. Mtu aliyempa mchezo huu ujana wake akabaki na daftari la marehemu. Juu ya hayo akabandikwa jina la utani, anorak, kutokana na koti lake lenye kofia. Eti mtu wa kuchosha.

Hata fasihi ikamtania. Mwaka 1993 Irvine Welsh aliita riwaya yake Trainspotting, na mwaka 1996 ikafuata filamu ya Danny Boyle. Ukiitafuta treni humo utachoka; ni habari za vijana wa Edinburgh waliozama katika heroini. Kuna mahali mlevi mzee anawatania eti wanatazama treni, ndani ya stesheni ya Leith iliyokwisha kufungwa. Utani mchungu, na umeandikwa vizuri. Ila nauona una deni: umeazima jina la watu wapole ili kuonyesha maisha yanayopotea bure, wakati hao wapole walau walikuwa wanangoja kitu kinachokuja.

Sasa turudi kwetu. Katika makumbusho ya reli Nairobi imesimama Mount Gelai, namba 5918, mojawapo ya injini 34 za Garratt zilizojengwa Manchester katika miaka ya 1950 kwa reli za Afrika Mashariki, zikapewa majina ya milima yetu. Ina zaidi ya tani 250. Nenda na daftari, ndugu mwandishi. Andika namba kwanza, kwa usahihi, kama mtoto wa Kiingereza. Halafu mtafute mzee aliyefanya kazi relini, umwulize joto la pale mbele ya tanuri lilikuwaje na mshahara ulitosha nini. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na majibu yao hayamo katika orodha yoyote.