Ramani ya Matatu: Nani Alisema Inyooshwe?

Ramani ya matatu ya Nairobi iliyotoka Januari 2014 mnaijua. Mliiona magazetini, wengine mliipakua na kuibandika ukutani, na kila aliyeiona alisifu rangi. Mimi sikuzisifu rangi wakati ule na leo sizisifu, kwa sababu chini ya rangi hizo kuna uamuzi mmoja ambao ulikuwa kosa tangu mwanzo: mistari ilinyooshwa.

Ukusanyaji wa data ulikuwa safi: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT, Columbia na Groupshot, walipanda matatu na simu zenye GPS, wakarekodi njia zaidi ya 130, kisha data yote wakaiachia umma. Wapewe haki yao. Sasa turudi kwa aliyeshika kalamu.

Kifaa cha GPS kina traki na kina ruti, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Traki, yaani rekodi ya mahali ulipopita, ni mfuatano wa nukta, kila nukta na latitudo yake, longitudo yake na saa yake. Ukiirekodi matatu namba 46 ya Kawangware unapata Hurlingham na foleni yake, unapata Yaya, unapata Gitanga Road inavyojikunja kuelekea Valley Arcade. Dereva akichepukia mtaani kukwepa msongamano, traki inamwonyesha. Ruti haiko hivyo. Ruti ni wepointi chache, yaani nukta ulizoziteua mwenyewe, zilizounganishwa kwa mistari mikavu, na kifaa kinakuambia tu uelekee wapi hadi wepointi inayofuata. Kati ya hapo na pale hakina habari. Yeyote aliyewahi kufuata ruti kwenye GPS ya mkononi kama eTrex akajikuta mbele ya ukuta wa mtu anajua ninachosema. Basi kilichofanyika 2014 ni hiki: traki zilikusanywa kwa jasho, nukta kwa nukta, halafu zikachorwa kwa umbo la ruti. Kona za barabara zikaondolewa, zikawekwa kona za rula. Skeli ikatupwa.

Mfano waliouiga ni wa London, na hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Harry Beck, aliyeichora ramani ya treni za chini ya ardhi iliyochapishwa 1933, alikuwa na sababu. Abiria wake yuko ndani ya shimo. Haoni nje, hawezi kumwambia dereva amshushe katikati ya stesheni mbili, na swali lake ni moja tu: nibadilishe treni wapi? Kwa mtu huyo umbali halisi haufai kitu, mpangilio wa vituo unamtosha. Beck aliwachorea watu ambao mji hawauoni.

Abiria wa matatu mji anauona dirishani safari nzima. Anashuka kwenye geti jeusi, kwa mti, kabla ya matuta, popote konda atakapokubali kugonga bodi. Na foleni ikikataa kusogea, anashuka akatembea. Mchukue aliyekwama Yaya saa kumi na mbili jioni akitaka kufika Dagoretti Corner. Anayeifahamu Kilimani atashuka, ateremke Ring Road kwa miguu dakika kumi na kitu, atokee Ngong Road adake matatu namba 111. Huo ndio uamuzi ambao ramani ya usafiri ya Nairobi ilipaswa kumsaidia mtu kuufanya, na ndio ambao mchoro usio na skeli hauwezi kuusaidia, kwa sababu nafasi kati ya mstari na mstari pale haimaanishi mita. Ni nafasi ya urembo. Katikati ya jiji mambo ni yale yale: kutoka Koja hadi Railways ni zaidi ya kilomita moja ya kusukumana na watu, na mgeni anayebadilisha matatu anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji rangi ya zambarau.

Watetezi wana hoja mbili. Kwanza, katikati ya jiji njia zinalaliana kiasi kwamba huwezi kuzichora kwa skeli ya mji mzima. Sawa. Dawa yake ni kisanduku cha pembeni chenye skeli kubwa, na wachora ramani walikuwa wakifanya hivyo kabla ya kompyuta kuzaliwa. Pili, wanasema, GPS ya simu katika Tom Mboya Street ni ovyo, kwa hiyo kunyoosha hakukupoteza kitu. Ni kweli mawimbi ya setilaiti yanagonga majengo na kufika yamechelewa, na kibaya zaidi HDOP, ile namba ya ubora kwenye kifaa, inaweza kusoma vizuri wakati nukta imerukia mtaa wa pili, kwa kuwa HDOP hupima mpangilio wa setilaiti angani tu. Hata lile duara la usahihi la Android ni uwezekano wa asilimia 68. Thuluthi ya nukta inatarajiwa kuwa nje yake. Lakini huo ni ugonjwa wa katikati ya jiji. Kangemi, Lavington na Kawangware anga lilikuwa wazi na traki zilikuwa nzuri. Kwa nini mgonjwa awe Tom Mboya na apasuliwe Kangemi?

Wazee wetu hawakufanya hivi. Karatasi ya Nairobi ya 1:50,000, namba 148/4, ya Survey of Kenya na wale Waingereza wa Directorate of Overseas Surveys, ilitokana na picha za ndege, bila setilaiti hata moja, na mpaka leo ukipima umbali juu yake kwa rula unapata umbali. Wapo wanaodai karatasi hiyo “imehama” mita 300. Haijahama! Imechorwa kwa datamu (msingi wa kupimia latitudo na longitudo) ya Arc 1960, nanyi mnasoma namba zake na kuziingiza kwenye kifaa kilichowekwa WGS84. Lazima pini ianguke kama mita 300 kaskazini na 90 hivi magharibi. Badilisheni datamu kwenye menyu muache kuwasingizia wapimaji.

Turudi kwa matatu. Google waliziingiza njia zile zilizorekodiwa kwenye ramani yao mwaka 2015, na pale angalau zimelala juu ya barabara. Hilo liliwezekana kwa sababu data iliyotolewa ilihifadhi kona zote katika faili la shapes.txt, lenye umbo la kila njia. Kwa hiyo toleo jipya la ramani ya 2014 halihitaji mtu kupanda matatu hata moja kwa ajili ya njia ambazo hazijabadilika. Linahitaji karatasi moja ya upande wa magharibi, Westlands hadi Dagoretti, 1:20,000, mstari wa skeli pembeni, na kisanduku cha katikati ya jiji chenye steji zilizowekwa mahali zilipo. Rangi wabaki nazo.