Kazi ya Mviringo Nyumbani

Msomaji, ukipita leo katika vijiji vya Kitui na Makueni utaona nyumba za matofali na mabati, zenye pembe nne. Nyumba ya msonge, walimoishi Wakamba wa kale, imekuwa adimu. Wako vijana wanaoidharau na kusema kwamba ilikuwa kazi ya watu wasiojua kupima. Wako na wengine ambao, wakipata fedha, huyarudisha mapindo yaleyale sebuleni kwa dari ya jasi iliyokatwa mawimbi na matao ya mapambo, wakidhani ni jambo jipya. Pande zote mbili zimekosa, na yafaa tulitazame kosa la kila upande.

Tuanze na dharau. Chukua kamba ya urefu wa mita 20. Ukiilaza chini iwe mraba, itazingira mita za mraba 25. Ukiilaza iwe duara, itazingira karibu mita za mraba 32. Hakuna umbo jingine litakalokupa nafasi kubwa zaidi kwa kamba ileile. Basi mjenzi wa msonge alipata chumba kikubwa kwa miti na udongo mchache, na paa lake la nyasi, lililochongoka juu, liliteremsha maji sawasawa kila upande.

Vyombo vya ndani vilifuata hekima hiyohiyo. Chungu kilikaa juu ya mafiga matatu. Kigoda cha mzee kilichongwa katika gogo moja, kikapewa kikalio cha mviringo kilichobonyea kidogo, miguu mitatu, na nakshi za nyuzi za shaba. Kigoda cha namna hiyo hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde, maana ncha tatu hugusa chini daima. Kiti cha miguu minne hutafutiwa kijiti cha kutegemezwa. Kiondo cha katani nacho huanza kusukwa kitakoni, kikazunguka na kupanda hadi mdomoni, bila kona ya kuchakaa upesi.

Lakini tusiusifu msonge kupita kiasi. Vitanda na makabati yetu yana pembe, na yakiegemezwa kwenye ukuta wa duara huacha nafasi za bure. Isitoshe, nchi hii ni kame. Paa la mabati hukusanya maji ya mvua za vuli na kuyapeleka tangini yakiwa safi. Paa la nyasi haliwezi. Aliyeuacha msonge kwa ajili ya maji hakupotea. Na tazama, tangi lenyewe ni la mviringo, kwa kuwa maji husukuma ukuta sawasawa kila upande, na penye pembe ndipo nyufa hupenda kuanzia.

Sasa tuyapime mapambo ya sebule mpya. Katika magofu ya Gede, mji wa kale wa pwani karibu na Malindi, yako matao ya mawe juu ya milango. Tao la namna hiyo hupokea uzito wa ukuta ulio juu yake na kuupitisha kando hadi ardhini. Tao la jasi halibebi kitu, lenyewe hubebwa. Dari ya mawimbi hushika vumbi na kula fedha ambazo zingejenga tangi. Sisemi kwamba pambo ni haramu. Nasema pambo lisilo na kazi sharti liwe zuri sana, ama sivyo ni hasara tupu.

Mviringo wenye manufaa hauhitaji fedha nyingi. Fundi hodari aweza kujenga tao la matofali ya kuchoma juu ya mlango, likabeba ukuta bila boriti. Kona za ujia mwembamba zikiviringwa kwa plasta, hazimegeki upesi wala hazimjeruhi mtoto anayekimbia. Meza ya duara katika chumba kidogo huwaketisha watu wakitazamana, na huongezewa mgeni bila taabu.

Siku moja nawe utajenga. Kabla hujamwagiza fundi akukatie pindo, muulize litafanya kazi gani. Akikosa jibu, mwambie aunyooshe ukuta, na fedha itakayobaki ununulie mifereji ya paa.